Aliyechukua Mzazi Achukue na Malezi

Swali la kama taifa lina deni kwa watoto na wajane wa askari wake ni la kale sana, na ingawa siku hizi huulizwa zaidi kwa lugha ya bajeti, yaani zitengwe shilingi ngapi na nani astahili kuzipata, mzizi wake umo katika maadili na katika dini. Askari anapokufa, au anaporudi nyumbani akiwa na mwili usioweza tena kulima wala kubeba, huacha watu ambao hawakula kiapo chochote cha kijeshi, lakini ndio watakaoishi na matokeo ya kiapo chake kwa muda mrefu kuliko yeye. Mafao ya elimu, maana yake ada, sare, vitabu, chakula na malazi wanayopewa watoto hao pamoja na mama yao ili wasome, yanaweza kuitwa hisani, yanaweza kuitwa ujira uliocheleweshwa, na yanaweza kuitwa haki. Jina linaloteuliwa si jambo dogo, kwa sababu hisani husimama mtoaji akichoka, ujira hukoma mkataba ukiisha, bali haki humfuata mwenye nayo hata kama mdaiwa amesahau.

Swali hili lina uzito wa pekee katika Usukuma na Unyamwezi, nchi ambayo leo imegawanywa kati ya Shinyanga, Mwanza, Simiyu, Tabora na Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa miongoni mwa watu walioandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni na katika misafara ya wapagazi, yaani wabeba mizigo, na chini ya Waingereza vijana wa Tanganyika walipelekwa hadi Burma katika Vita Kuu ya Pili wakiwa askari wa King's African Rifles. Baada ya uhuru likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, tarehe 1 Septemba 1964, na majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi hilo lilipanuliwa kwa haraka kwa kuongezewa askari wa mgambo, ambao ni raia waliofunzwa silaha wakiwa vijijini mwao, mpaka Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979 na mapigano yakamalizika mwezi Juni. Waliokufa waliheshimiwa kwa makaburi na mnara pale Kaboya, wilayani Muleba, na waliorudi walikuta nchi ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameitaka ifunge mkanda kwa miezi 18. Katika wilaya za Shinyanga na Kahama miaka iliyofuata ilikuwa ya wizi wa ng'ombe kwa kutumia bunduki, na waandishi wa historia ya sungusungu, ulinzi wa jadi uliozuka huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutaja silaha zilizozagaa baada ya vita kuwa moja ya sababu zake. Kwa hiyo katika eneo hili vita havikuishia mpakani, bali viliingia hadi zizini na mezani kwa watu ambao hawakuvipigana.

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake humwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa maana inamtwisha mtoto kazi ya kukumbuka bila kusema lolote kuhusu atakula nini wakati anakumbuka. Mwanatheolojia wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi marehemu anavyoendelea kuwamo katika wakati wa sasa maadamu wapo wanaomjua na kumtaja kwa jina, na jinsi anavyozama katika zamani pale wa mwisho wao anapotoweka. Fikra hiyo si ngeni kwa Wasukuma, ambao kwa jadi huwahesabu mababu kuwa ni sehemu ya ukoo unaoishi. Lakini ikiwa uhai wa marehemu umewekwa amana mikononi mwa watoto wake, basi anayewaacha watoto hao wadhoofike anamuua askari mara ya pili, na safari hii si adui aliyefyatua risasi. Sanamu ya shaba haiwezi kuibeba amana hiyo, kwa kuwa sanamu hukumbusha tu, bali anayekumbuka ni mtu aliye hai, aliyelelewa akafikia utu uzima.

Dini mbili kubwa zinazofuatwa katika nchi hii zinatoa msingi wa kulifikiri deni hilo, na inafaa kuanza na istilahi ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inayotofautisha fardhi ya aini, ambayo ni wajibu wa kila mtu binafsi kama sala, na fardhi ya kifaya, ambayo ni wajibu wa umma mzima ambao baadhi ya watu wakiutekeleza, wengine huondokewa na dhambi, na usipotekelezwa na yeyote, wote huwa na hatia. Kwa kawaida wanazuoni wameuhesabu ulinzi wa umma kuwa ni wa aina hii ya pili. Matokeo ya hesabu hiyo ni mazito kuliko yanavyoonekana mara moja, kwani ina maana kwamba kila aliyebaki shambani, sokoni au ofisini wakati wa vita amebaki hapo kwa sababu mtu mwingine ameubeba wajibu wake, na hivyo amani anayoifaidi si mali yake peke yake. Ndiyo maana mapokeo ya Mtume yanamhesabu anayeitunza vizuri familia ya mpiganaji kuwa naye amepigana. Katika Biblia wazo hilohilo linajitokeza kwa sura nyingine pale Daudi, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, anapoamuru kuwa sheria ya kudumu kwamba aliyekaa nyuma akilinda vyombo apate fungu sawa na aliyeshuka vitani. Mafundisho haya mawili yakisomwa pamoja yanaonesha kwamba mstari kati ya mpiganaji na nyumba yake hauchorwi kirahisi, kwa sababu vita hupiganwa kwa mikono ya mmoja na kugharimiwa kwa maisha ya wengi.

Hata hivyo, kusema kuwa kuna deni hakutoshi kueleza ni deni la namna gani, na hapa ndipo mawazo mengi hupotoka. Wapo wanaodhani kwamba mtoto wa askari analipwa kwa ajili ya ushujaa wa baba yake, kana kwamba ushujaa ni shamba linalorithiwa pamoja na mazao yake. Dhana hiyo haiwezi kusimama, kwa sababu sifa ya kitendo ni ya mtendaji, na pia kwa sababu ingewapunja watoto wa wale waliokufa kwa malaria kambini au kwa gari lililopinduka njiani, ambao baba zao hawakupata nafasi ya kuonesha ushujaa wowote. Msingi ulio imara zaidi ni huu: askari ni mfanyakazi wa pekee ambaye anaweza kuamriwa kihalali aende mahali ambapo huenda atakufa, na hana ruhusa ya kukataa. Anayetoa amri hiyo, ambaye katika jamhuri ni wananchi wote kupitia serikali yao, anamchukua mtu ambaye tayari ana ahadi nyingine, yaani ahadi ya kuwalea aliowazaa. Anapomchukua na kutomrudisha, au anapomrudisha akiwa hajiwezi, ile ahadi ya pili haifi, bali inahamia kwa aliyemchukua. Kwa maneno mengine, taifa linakaimu nafasi ya mzazi, na kaimu, kama ajulikanavyo katika ofisi yoyote, hafanyi kazi kwa hisani yake mwenyewe bali hutekeleza majukumu ya nafasi aliyoishika.

Mfano wa kukaimu huko unapatikana katika habari za Jaafar bin Abi Talib, sahaba wa Mtume aliyeuawa katika vita vya Muuta mwaka 629, ambapo Mtume alikwenda kwa watoto wake, akaagiza familia hiyo ipikiwe chakula kwa kuwa imefikwa na jambo la kuishughulisha, na akajitaja kuwa walii wao. Tamko hilo la walii, lenye maana ya msimamizi mwenye dhamana, ndilo kiini cha hoja hii, na mapokeo mengine ya Mtume yanaweka kanuni kwamba mtawala ndiye walii wa asiye na walii. Ufaransa ilifika mahali karibu na hapo kwa njia ya sheria ya kidunia, ilipopitisha tarehe 27 Julai 1917 sheria ya kuwaasili yatima wa vita wawe watoto wa taifa, wanaosaidiwa katika malezi na masomo mpaka wafikie umri wa utu uzima. Mmoja wao alikuwa Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, ambaye baba yake alikufa mwaka 1914 kwa majeraha ya vita vya Marne na mama yake, asiyejua kusoma, alifanya kazi ya usafi katika nyumba za watu. Mtoto huyo alisoma kwa msaada wa masomo na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1957. Marekani nayo ilipitisha mwaka 1956 sheria ya elimu kwa yatima wa vita, na mwaka 1968 ikawaongeza wajane na wake za askari waliopata ulemavu wa kudumu, na huo ulikuwa ukiri kwamba mke naye ni mtu mwenye maisha ya kujengwa upya.

Lakini historia inatoa onyo pia. Athens ya kale, kama mwanahistoria Thucydides anavyoeleza katika hotuba ya kiongozi wake Pericles ya mwaka 431 kabla ya Kristo, iliahidi kuwalea watoto wa waliokufa vitani kwa gharama ya mji mpaka wakue, na walipokua vijana hao waliandamana mbele ya watu katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wakiwa wamevishwa zana za vita walizopewa na mji. Mji ulikuwa umewalea, ni kweli, lakini uliwalea wawe nakala za baba zao, tayari kwa kaburi linalofuata. Kaimu mwema hamlei mtoto kwa manufaa yake kaimu, na kwa hiyo mafao ya elimu ya haki ni yale yanayomfungulia mtoto wa askari njia ya kuwa muuguzi, fundi, mwalimu, mkulima au askari, kwa kadiri ya kipaji chake, wala si yale yanayomrudisha kambini kwa kuwa hakuoneshwa mlango mwingine.

Huenda ikaulizwa kwa nini malezi hayo yachukue sura ya elimu badala ya fedha taslimu au ng'ombe, vitu ambavyo familia ya Shinyanga ingeweza kuvitumia mara moja. Jibu moja linatokana na hali ya mjane katika sheria ya mila. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililoandika mila za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, linasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Wajane wawili waliofukuzwa pamoja na watoto wao kutoka katika nyumba walizoishi na waume zao, chini ya mila za Kisukuma, walilipeleka suala hilo mahakamani na hatimaye Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya Kuondoa Ubaguzi Dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zao. Fedha zinazokabidhiwa kikao cha ukoo, pale ambapo mashemeji hukaa barazani na mjane hukaa jikoni na wanawake wenzake akisubiri kuambiwa kilichoamuliwa, zinaweza kugawanywa kabla mwenye msiba hajavua nguo nyeusi. Elimu haigawanywi kwenye kikao, kwa sababu ikishaingia kichwani mwa mtoto hakuna shemeji anayeweza kuidai, na kwa kuwa mila yenyewe imemwambia mjane kuwa urithi wake ni watoto wake, kuwasomesha watoto hao ni kumpa urithi pekee ambao mila haikumnyang'anya.

Jibu la pili linapatikana machimboni. Katika vijiji vya wachimbaji wadogo vya Geita na Kahama mtoto aliyekosa daftari hakosi kazi, kwani kuna mawe ya kupondwa kwa nyundo, kuna viroba vya mawe vya kubebwa kutoka kwenye mdomo wa duara, ambalo ni shimo la mchimbaji mdogo, hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, na kuna kazi ya mwaloni, mahali ambapo unga wa mawe huoshwa juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia ili chembe za dhahabu zinase. Mwisho wa mlolongo huo ni beseni lenye zebaki, madini ya majimaji yanayoshikana na dhahabu, ambayo huchanganywa kwa viganja vitupu na kisha kuchomwa motoni mpaka moshi wake wa sumu uishe na kubaki punje ya njano. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi hatarishi kwa watoto, lakini katazo peke yake halinunui sare. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016 kwa shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne na kupanuliwa mwaka 2022 hadi kidato cha sita, imeondoa kizuizi kikubwa, lakini nauli, viatu, chakula na bweni vimebaki, na mtoto wa mjane mara nyingi huacha shule kwa sababu ya vitu hivyo vidogo ambavyo havina jina la ada.

Hapo ndipo linapoinuka pingamizi lililo zito kuliko yote. Ikiwa mtoto wa askari atasomeshwa kwa mafao maalumu, mtoto wa mchimbaji aliyefukiwa na duara, anayekaa naye dawati moja na anayelala njaa ileile, atambuliwe kwa lipi? Ujamaa, kama Nyerere alivyouandika mwaka 1962, ulijengwa juu ya imani kwamba katika jamii ya jadi mjane na yatima hawakuhitaji sifa ya pekee ili watunzwe, na Tanzania ilifuata imani hiyo ilipochagua elimu kwa wote kuwa uti wa mgongo wa sera yake. Pingamizi hili halijibiwi kwa kudai kwamba damu ya askari ni bora kuliko damu ya mchimbaji, kwa sababu njaa ya mtoto haiulizi baba alikufa kwa risasi au kwa kifusi. Linajibiwa kwa kutofautisha aina mbili za deni. Deni la kwanza ni lile la utu, ambalo kila mtoto analidai kwa kuwa ni mtoto, na lazima lilipwe kwanza, kwa wote, kwa kipimo kimoja. Deni la pili ni lile la amri, ambalo anadaiwa aliyemtuma mtu kwenye hatari, na hilo huongezwa juu ya la kwanza wala halichukui nafasi yake. Mafao ya askari yanayokatwa kutoka kwenye dawati la watoto wengine yamekosa haki tangu mwanzo, kwa sababu askari alitumwa awalinde watoto wale wale.

Zaidi ya hayo, kanuni ya aliyechukua mzazi haimhusu mwenye jeshi peke yake. Mwajiri anayemshusha mtu shimoni naye amemchukua mzazi wa mtu, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliwekwa kwa msingi huohuo, ingawa mchimbaji asiye na mkataba, anayelipwa kwa mgawo wa viroba, hubaki nje ya mlango wake. Kwa hiyo kuwatendea haki watoto wa askari hakuwapunguzii watoto wa wachimbaji hoja yao, bali kunawapa hoja iliyokwisha kukubaliwa, kwa kuwa mwenye duara na mnunuzi wa dhahabu wanaweza kuulizwa swali lilelile ambalo taifa limejiuliza na kulijibu. Haki ikishatambuliwa mahali pamoja hufundisha namna ya kuidai mahali pengine.

Imebaki nafasi ya mke, ambayo katika mijadala mingi hutajwa mwishoni kana kwamba ni kiambatisho cha watoto. Katika jeshi la kikoloni la Wajerumani wake za askari walifuatana na vikosi pamoja na watoto wao, wakipika, wakibeba na kuuguza, na hawakuandikwa katika daftari lolote la mishahara. Mke wa askari wa leo hafuatani na kikosi porini, lakini humfuata mume kutoka kambi hadi kambi kwa kila uhamisho, akiacha duka lililoanza kupata wateja au masomo aliyofikia katikati, na mume anapokufa au kustaafu akiwa mgonjwa hujikuta ana umri wa miaka 40 bila cheti wala mtaji. Anachostahili huyu si malezi ya kukaimiwa, kwa kuwa yeye si mtoto, bali ni fidia, yaani kurudishiwa kitu alichokitoa mwenyewe, na kwa sababu alichokitoa ni miaka yake ya kujifunza, fidia inayolingana nayo ni nafasi ya kujifunza: kozi ya ufundi ya VETA, chuo cha maendeleo ya wananchi, au mtihani wa maarifa unaomwezesha mtu mzima kufika kidato cha nne. Kumwita mtegemezi, neno ambalo hutumika katika fomu nyingi, ni kusahau ni nani aliyekuwa akimtegemea mwenzake wakati mume yupo mpakani na nyumba imesimama.

Haki isiyothibitishika, hata hivyo, ni haki ya karatasi tu, na katika jambo hili kuna kisa kinachosimuliwa kutoka Mwanza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa askari wake katika Vita Kuu ya Kwanza, na husemwa kwamba wengi wao walipofika bila hati yoyote, kila mmoja alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya kushika bunduki, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Mikono yao ilikuwa imehifadhi kile ambacho karatasi zilipoteza kwa miaka 50. Kisa hicho hupendwa kwa sababu kinawapa wazee heshima yao, lakini kinaonesha pia nani asiyeweza kulipwa kwa njia hiyo. Mjane hakufundishwa gwaride, na mtoto hana mkono unaokumbuka amri aliyopewa baba yake, kwa hiyo ukiwapa ufagio watafagia.

Kwao ushahidi ni mfuko wa nailoni wenye cheti cha ndoa kama ndoa iliandikishwa, cheti cha kifo kama kilishughulikiwa, na muhtasari wa kikao cha ukoo unaohitajika mahakama ya mwanzo, wenye saini za watu walewale ambao huenda wanaigombea nyumba. Mgambo aliyetoka kijijini Bukombe mwaka 1978 na asirudi hakuacha hata nusu ya hivyo. Taifa ndilo lililokuwa na daftari la walioitwa, namba zao na vikosi vyao, na ikiwa kweli limekaimu nafasi ya mzazi, basi ni juu yake kuwatafuta watoto wa watu hao na kuwaita kwa majina, wala si juu yao kulishawishi kwamba waliwahi kuwa na baba. Hakuna mzazi anayengoja mwanawe alete cheti ndipo amtambue.